Maswali ya Wasomaji: Daftari la Matumizi Likihamia Kwenye Simu, Ufunguo Abaki Nao Nani?

Barua tano za mwezi huu zote zimetoka Tanga mjini na pembezoni mwake, na kila moja kwa njia yake inauliza jambo lile lile: mtu anayetaka kuweka hesabu za nyumba yake katika programu za simu au za mtandaoni aziamini kwa kiasi gani, na wepesi anaoupata aulipie kwa kitu gani. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu ndani yake mna mzozo wa mume na mke, na mizozo ya namna hiyo haijibiwi kwa mistari mitatu.

*

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Makorora. Kwa miaka sita nimeandika matumizi ya nyumba katika daftari: sokoni, umeme, maji, ada, kikoba na dawa za mama mkwe. Mwanangu wa kwanza, aliyeko chuoni Dodoma, alipokuja likizo aliniwekea programu ya bajeti kwenye simu. Siandiki chochote, inasoma yenyewe zile meseji za kutuma na kupokea fedha, inapanga, kisha inanionyesha kwa rangi fedha zimekwenda wapi. Kwa wiki tatu nimeifurahia sana. Baba watoto alipoiona akaniambia niifute siku hiyo hiyo, kwa sababu nimewafungulia wezi mlango. Mwanangu anasema programu ile haina uwezo wa kutoa hata shilingi moja. Nimsikilize nani? — Mama wa Watatu, Makorora

Marahaba, mwanangu. Kijana wako na baba yake wote wamesema kweli, ila kila mmoja amejibu swali ambalo mwenzake hakuuliza. Kijana ameulizwa kama programu inaweza kutuma fedha zako, akajibu kuwa haiwezi, na hapo hakukosea. Baba yake anauliza kama kuna mtu mwingine ambaye sasa anaona vitu asivyopaswa kuviona, na swali hilo kijana hajaligusa.

Nianze kwa kuitetea programu, maana ina hoja. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, zile meseji zimekuwa ndizo stakabadhi za familia nyingi, na ndani yake mna kitu ambacho daftari hukisahau karibu kila mara, nacho ni makato. Wewe unaandika kwamba umemtumia kijana shilingi 50,000, huandiki makato ya kutuma, wala ile nyongeza aliyokuomba aliposema "mama, weka na ya kutolea." Unanunua LUKU mara ya kwanza ndani ya mwezi, uniti zinakuja pungufu kwa sababu kodi ya jengo imekatwa humo humo, nawe katika daftari umeandika "umeme" peke yake. Mwisho wa mwezi unajumlisha, hesabu inakataa, na mtu wa kwanza kushukiwa ni mtoto aliyetumwa dukani. Programu inayosoma meseji haifanyi kosa hilo, na kwa haki kabisa wepesi huo una thamani.

Lakini utazame wepesi huo unaishia wapi. Ukitoa shilingi 100,000 kwa wakala ukaenda nazo Mgandini, programu inaona neno moja tu, "umetoa", na kuanzia hapo haioni tena. Haijui kuwa fungu la mchicha limepanda, wala kwamba kusi limevuma wiki nzima, vyombo vimeshindwa kutoka na samaki wa pale Deep Sea wameuzwa kwa bei ya kukata tamaa. Zile rangi ulizozifurahia zinakueleza vizuri mambo ambayo ulikuwa unayajua tayari, yaani ada, umeme na marejesho ya kikoba, na fedha zote za mkononi zinarundikwa katika fungu moja linaloitwa "mengineyo". Katika nyumba nyingi za mji wetu, bajeti inavuja katika hilo "mengineyo". Kwa hiyo usidhani kuwa kinachopimwa hapa ni wepesi mkubwa dhidi ya hatari ndogo. Wepesi wenyewe ni wa nusu.

Sasa tuje kwenye hofu ya baba watoto. Simu za Android haziitengi meseji ya fedha na meseji nyingine. Ruhusa ya kusoma meseji ni moja tu: ukiitoa, umetoa sanduku zima. Ndani ya sanduku hilo zinaingia pia zile tarakimu ambazo benki hukutumia unapoingia katika akaunti, tarakimu ambazo WhatsApp hutuma mtu anapojaribu kuisajili namba yako kwenye simu nyingine, na zile ambazo barua pepe hutuma mtu anapodai kuwa amesahau nywila. Namba yako ya siri ya kutumia fedha haipiti kwenye meseji, na ndiyo maana nimesema kijana hakukosea. Hata hivyo mtu asiye mwaminifu aliyekaa nyuma ya programu ya namna hiyo hahitaji namba ya siri ili akudhuru. Tarakimu sita zilizofika saa nane ya usiku wakati umelala zinatosha kukunyang'anya WhatsApp, na asubuhi ndugu zako watakuwa wanaombwa fedha kwa jina lako.

Hilo halimaanishi kwamba kila programu ya aina hiyo ni ya wezi. Mwaka 2018 Google ilitangaza kwamba programu zilizomo katika duka lake, Play Store, hazitaruhusiwa kuomba meseji pasipo sababu ya msingi, na mwaka uliofuata ikaanza kuziondoa zisizotii. Programu za kusimamia fedha kwa kutumia meseji ni miongoni mwa zile zinazoweza kukubaliwa baada ya kujieleza. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza kijana wako ni hili: programu hiyo uliitoa wapi? Ikiwa aliipakua katika duka rasmi, angalau kuna mtu aliyewahi kuiuliza inataka meseji za nini. Ikiwa rafiki yake alimrushia faili kwenye WhatsApp naye akalifungua, basi hata ukaguzi huo mdogo haukufanyika, na hapo baba watoto ameshinda bila mjadala. Wenye simu za iPhone hawana hata nafasi ya kubishana, kwa kuwa simu hizo hazimruhusu mtengenezaji wa nje asome sanduku la meseji, na bado wanatunza bajeti zao.

Swali la pili ni programu inaomba kitu gani zaidi ya meseji. Hesabu za nyumbani hazihitaji orodha ya majina yaliyomo katika simu yako, hazihitaji picha zako, wala hazihitaji kujua kama sasa uko Makorora au uko Muheza kwa shemeji. Ninalisisitiza hili kwa sababu ya mikopo ya kausha damu iliyohamia kwenye simu: baadhi ya wakopeshaji walikuwa wakichukua majina yote ya mkopaji, na akichelewa kulipa wanawapigia wakwe, mabosi na majirani kumwaibisha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa hadharani orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni. Programu ya bajeti ambayo baada ya wiki mbili inakuambia kuwa unastahili mkopo wa haraka imekufunulia kazi yake halisi, na bajeti ilikuwa chambo.

Tatu, kumbukumbu zako zinakaa wapi? Ziko programu zinazohifadhi kila kitu ndani ya simu, na ziko zinazopeleka kila mstari kwenye seva iliyo mahali usipopajua. Kuzima data na kuangalia kama bado inafanya kazi ni kipimo kizuri cha awali, ingawa si ushahidi kamili, kwa kuwa inaweza kungoja ukiwasha ndipo itume. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inakupa haki ya kujua mtu anatunza taarifa gani zako, ya kutaka zisahihishwe na ya kutaka zifutwe, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Sheria hiyo naiheshimu, lakini inataka mtu wa kumshtaki. Programu isiyotaja jina la mmiliki wala anwani yake haina mlango wa kubisha hodi.

Usiseme kwamba huna cha kuficha. Daftari lako lina dawa za mama mkwe. Mtu akiona ni dawa gani na zinanunuliwa kila baada ya siku ngapi, ameujua ugonjwa wake, naye bibi wa watu hakuulizwa. Lina ada, maana yake lina shule ya watoto. Lina siku ya kikoba, maana yake lina siku ambayo nyumbani kuna fedha taslimu.

Kama ningekuwa katika nafasi yako ningefanya hivi. Fungua mipangilio ya simu, ingia kwenye programu, tafuta hiyo ya bajeti, kisha katika ruhusa zake uondoe ya meseji, ya majina na ya mahali. Ikigoma kufanya kazi, ifute, kisha tafuta nyingine ambayo unaingiza tarakimu kwa mkono wako. Kila jioni fungua meseji wewe mwenyewe, unakili kiasi pamoja na makato yake, na uongeze fedha za sokoni ambazo hakuna programu ingeziona. Nimejipima kwa saa ya ukutani: mistari 11 ya siku moja ilinichukua dakika nne, kwa vidole vyangu hivi vya uzee na miwani iliyopasuka upande mmoja. Hizo dakika nne ndizo bei yote ya usalama tunaouzungumzia. Nikiongeza faida ambayo sikuitarajia, katika kuandika kwa mkono niligundua kwamba wiki ile nilikuwa nimenunua bando mara tatu. Programu inayojaza yenyewe ingeniwekea rangi ya bluu, nami ningepita.

Kwa baba watoto nina neno pia, na umfikishie kwa adabu yake. Wezi anaowaogopa wengi wao hawahitaji programu yoyote. Wanahitaji simu isiyo na kufuli iliyoachwa juu ya kochi, namba ya siri ambayo ni mwaka wa kuzaliwa wa kitinda mimba, au mtu mmoja aliyechoka anayepokea ile meseji ya "hiyo hela itume kwenye namba hii" akaitii. Meseji kama hiyo ikija, itumeni kwenda 15040 na msiijibu. Programu ya bajeti nayo iwekewe kufuli lake, tofauti na la simu, na kamwe usiandike ndani yake, hata kwenye sehemu ya maelezo, namba ya siri ya kitu chochote. Nimewahi kufundisha darasa la watu wazima ambamo mwanafunzi aliandika bajeti safi kabisa, na mstari wa mwisho chini ya jumla ulikuwa namba ya siri ya benki, "ili nisisahau."

*

Mwalimu, habari za kazi. Mimi ninafanya kazi hapa Tanga na mke wangu ni mwalimu Lushoto. Tumefungua jedwali la mtandaoni ambalo kila mmoja wetu anaandika matumizi yake, na limetuondolea ugomvi mwingi. Tatizo ni kwamba nilipomtumia kiungo chake kwa WhatsApp nilikosea, nikakituma kwenye kundi la ukoo. Nilikifuta baada ya dakika chache. Je, nimeshapona? — Mume wa Mbali, Chumbageni

Hujapona bado, ndugu yangu. Ulichofuta ni karatasi iliyoandikwa anwani ya nyumba. Mlango wenyewe uko wazi kama ulivyokuwa. Majedwali haya yana mpangilio wa kushirikisha, na wengi wetu kwa kupenda wepesi tunachagua ule unaosema kuwa yeyote mwenye kiungo aweze kufungua. Binamu aliyekibonyeza ndani ya dakika zile chache anaweza kukifungua leo na mwakani. Ingia sasa, ondoa ruhusa hiyo, na uwataje wawili tu kwa barua pepe zao, wewe na mkeo. Kisha tazama historia ya mabadiliko, uone kama kuna mkono mwingine ulioandika. Mkono uliosoma pasipo kuandika hutauona huko, lakini kama shangazi ataanza kukuomba mkopo unaolingana sawasawa na akiba yenu, utakuwa umepata jibu.

Jedwali lenyewe ninalipenda kuliko programu nyingi zenye mapambo. Halitaki meseji zako wala halijui benki yako ni ipi. Likivuja unaona aibu, lakini hakuna senti inayoondoka. Ila mkumbuke kwamba kwa kuliweka mtandaoni mmeifanya barua pepe kuwa ufunguo wa nyumba. Barua pepe hiyo iwe na nywila yake peke yake, ndefu, isiyotumika mahali pengine popote, na iwekwe uthibitisho wa hatua mbili. Hatua hiyo ya pili mkiweza isije kwa meseji, bali itoke katika programu ya kutengeneza tarakimu zinazobadilika kila sekunde 30. Tarakimu zinazokuja kwa meseji zinaifuata laini, na laini inaweza kuhamishwa na mtu aliyejifanya ni wewe, ingawa hata hizo ni bora kuliko kutokuwa na hatua ya pili kabisa. Maadamu tumetaja laini, piga *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, uishughulikie kabla ya jedwali.

Na unapokwenda kuchapa nyaraka steshenari, usiingie kwa barua pepe hiyo hiyo kwenye kompyuta ya dukani ukaondoka bila kutoka. Nimefika katika duka moja mjini hapa nikafunguliwa kompyuta nikakuta sanduku la barua la mtu mzima mwenye heshima zake, likiwa wazi na mishahara yake yote.

*

Mwalimu, nina kaka yangu Marekani ambaye kwa miaka mingi alitumia huduma ya mtandaoni inayoungana na benki yake moja kwa moja, naye anaona yote mahali pamoja. Ananishawishi nitafute ya namna hiyo. Nimepata moja, lakini inataka jina na nywila ninayotumia kuingia benki kwa mtandao. Nisite au niendelee? — Mfanyabiashara, Pongwe

Usiendelee. Sasa nikupe sababu, kwa kuwa kaka yako ataitaka.

Huduma mashuhuri kuliko zote za aina hiyo huko kwao iliitwa Mint. Ilianza mwaka 2007, miaka miwili baadaye kampuni ya Intuit ikainunua kwa dola milioni 170, na kwa muda mrefu ndiyo iliyowafundisha Wamarekani kwamba bajeti inaweza kujiandika yenyewe. Namna ilivyofanya kazi ilikuwa hiyo uliyoikuta: mteja anakabidhi jina na nywila ya benki, na mitambo inaingia kwa niaba yake kuchukua orodha ya miamala. Mteja alitaka kuonyesha tu, lakini nywila ya benki haijui tofauti ya kuangalia na kutoa. Ni kama kumpa msoma mita funguo zote za nyumba kwa sababu mita iko uani. Huenda ni mtu mwema na hatagusa kitu. Bado umeweka funguo zako katika rundo moja na za maelfu ya wengine, na rundo la namna hiyo linavutia macho mabaya kuliko mlango wako mmoja wa Pongwe.

Umoja wa Ulaya uliliona tatizo hili na kulitungia kanuni. Tangu Januari 2018, katika kanuni zake za huduma za malipo, idhini ya kuangalia akaunti imetengwa na idhini ya kuanzisha malipo, na anayetaka kutoa huduma yoyote kati ya hizo lazima atambuliwe na mamlaka. Mfumo wa aina hiyo ukiwepo kati yako, benki yako na programu, benki ndiyo inayokuuliza kama unakubali, na nywila haiondoki mikononi mwako. Programu uliyoipata wewe inaiomba nywila yenyewe, kwa hiyo hata kwa kipimo cha huko ughaibuni imerudi nyuma. Pia usome masharti uliyotia saini ulipofungua huduma ya benki mtandaoni, uone yanasema nini kuhusu mteja aliyempa mtu mwingine nywila yake. Siku ya hasara ndiyo karatasi utakayowekewa mezani.

Usiruhusu alama ya kufuli iliyoko juu ya ukurasa ikutulize. Kufuli lile husema kwamba maneno unayoyatuma hayasomwi njiani. Halisemi kama aliyeko mwisho wa njia ni mwaminifu. Watu waliokuwa wakilisoma vibaya walikuwa wengi kiasi kwamba mwaka 2023 kivinjari cha Chrome kiliiondoa alama hiyo na kuweka nyingine.

Mwulize pia kaka yako Mint iko wapi leo. Ilifungwa Machi 2024, na si kwa sababu ya wezi. Mwenye mali aliamua kuifunga. Hili ndilo jambo ambalo watu hawalipimi wanapopima wepesi: miaka ya kumbukumbu zako inakaa katika nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba anaweza kukupa notisi. Mimi mwenyewe nilikuwa na hesabu za miezi 14 katika huduma moja ya bure ambayo siku moja ilifunguka ukurasa mweupe, na hadi leo haijarudi. Tangu hapo, chombo chochote kisichoniruhusu kupakua nakala ya kumbukumbu zangu kwa faili la kawaida la jedwali sikianzi hata kwa siku moja.

Wewe una mizunguko ya biashara, nami sitakuambia uandike kila muamala kwa mkono. Ingia benki mwenyewe, pakua taarifa ya akaunti ya mwezi, futa namba ya akaunti na majina ya wateja wako, kisha uipakie hiyo katika jedwali au programu uitakayo. Unapoteza kuona salio la dakika hii hii, jambo ambalo benki yako inakuonyesha tayari.

*

Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu cha akina mama, Ngamiani. Naomba kujua kama naweza kuweka hisa na mikopo ya wanachama katika programu ninayotumia kwa bajeti ya nyumbani kwangu, ili nisihangaike na vitabu viwili. — Mweka Hazina

Hapana, dada yangu, na tatizo hapa halianzii kwenye programu. Bajeti yako ni siri yako, unaweza kuiuza kwa wepesi ukitaka. Mkopo wa mwenzako ni siri yake. Ile sheria ya mwaka 2022 niliyoitaja juu inataka taarifa za mtu zitumike kwa kusudi lililokusudiwa zilipochukuliwa, nao wanachama walikupa zao kwa ajili ya kitabu cha kikoba, si kwa ajili ya simu ambayo mtoto wako anachezea mpira jioni. Lilete suala mbele ya mkutano. Wakikubali kutumia jedwali, liwe la kikoba, liwe na barua pepe ya kikoba, wawili wawe na nywila, na wanachama waandikwe kwa namba zao za kitabu badala ya majina. Kitabu cha karatasi kiendelee kusainiwa kila kikao kama kawaida, kwa sababu siku mtu akibisha deni lake, sahihi yake ndiyo itakayomnyamazisha.

*

Mwalimu mwenzangu, mimi ni mstaafu, Mikanjuni. Sina programu yoyote. Ninaandika kwenye daftari, na kila mwisho wa mwezi ninapiga picha kurasa zake kwa simu ili zisipotee. Mjukuu wangu anasema nimebaki nyuma. Je, kuna haja ya kuhama? — Mstaafu

Mzee mwenzangu, kama hesabu inakubali mwisho wa mwezi, huna sababu ya kuhama. Kupiga picha ni busara ambayo mimi sikuwa nayo: daftari langu la mwaka 2019 lililiwa na mchwa kabatini, nikabaki na jalada na ukurasa wa Desemba. Hakuna kufuli la kompyuta linalozuia mchwa, wala paa linalovuja wakati wa masika.

Ila ukisema kwamba hutumii mtandao, nina shaka kidogo. Simu nyingi za siku hizi, zikipata intaneti, hupeleka picha zenyewe kwenye albamu ya mtandaoni iliyofungwa kwa barua pepe ya aliyeianzisha simu siku ya kwanza. Kurasa zako za pensheni huenda ziko huko tangu zamani, zimepangwa kwa tarehe. Fungua mipangilio ya picha uangalie kama kunakili kumewashwa, na uangalie ni barua pepe ya nani iliyoandikwa hapo. Kama simu ulinunuliwa na huyo mjukuu, akakuwashia na kukuingizia barua pepe yake ili usisumbuke, basi anayesema umebaki nyuma amekuwa akizipokea kurasa zako kila mwisho wa mwezi.